Fungate Yetu ya Mwaka wa Kumi na Mbili: Tunajipanga Kwenda Lyon



Leo tunaandika wawili. Anayegonga herufi ni mke, lakini bwana amekaa pembeni na chai yake ya tangawizi, anasoma kila mstari na kusema "hapo umezidisha, bibi". Kwa hiyo mkiona tumeandika "sisi", jueni ni sisi kweli. Mke ana duka la kushona nguo za harusi, bwana ni karani bandarini, na watoto tunao watatu, alhamdulillah.

Wengi mmetuuliza kuhusu safari za fungate. Wapi waende, kiasi gani kinatosha, viza inapatikanaje. Tumeona tuwaeleze safari yetu wenyewe, ambayo bado hatujaiondoka. Tiketi ni za Oktoba. Lakini tayari imetufunza mengi, na mengine hayana raha kuyasema.

Fungate yetu ya mwanzo ilikuwa ya siku saba, ndani ya chumba cha kuazima nyumbani kwa shangazi, Ng'ambo. Tulilishwa vizuri, tulifukizwa udi, na siku ya nane bwana akarudi bandarini, mke akarudi kwenye cherehani. Hatulalamiki. Lakini usiku wa mwisho tulipeana ahadi kwamba Mungu akitupa uwezo, tutakwenda mahali mbali, sisi wawili tu, siku chache, tutembee kwa miguu na kutazama. Miaka kumi na mbili imepita. Tumeshona magauni ya harusi za wenzetu hata idadi hatuijui, na kila bibi harusi akija kuchukua gauni lake anatusimulia anakokwenda. Sisi tunatabasamu na kukata uzi.

Kwa nini Lyon?

Mtu akisikia Ufaransa anasema Paris. Sisi tulisema Lyon tangu mwanzo, na sababu ni kitambaa.

Mke alipomaliza kidato cha nne aliingia kozi ya ushonaji. Siku moja mwalimu alishika kipande chenye maua yaliyofumwa ndani ya kitambaa chenyewe, si ya kuchapwa juu, akauliza darasa: "Hiki mnakiita jakadi. Mnajua jakadi ni nini?" Hakuna aliyejua. Akasema ni jina la mtu. Joseph-Marie Jacquard alizaliwa Lyon mwaka 1752, na mwaka 1804 alitoa mashine ya kufumia ambayo ilibadilisha kazi ya hariri. Kabla yake, kufuma ua moja kulihitaji msaidizi, mara nyingi mtoto, wa kuvuta kamba juu ya mashine mstari kwa mstari. Jacquard alitumia kadi ngumu zilizotobolewa matundu. Kila kadi ni mstari mmoja wa kitambaa. Penye tundu uzi unanyanyuka, pasipo na tundu uzi unabaki chini. Ukizifunga kadi mfululizo, ua linatoka lenyewe.

Tangu siku hiyo mke ameshona jakadi ya Darajani miaka na miaka, na kila akiikata anakumbuka kwamba kuna mji ambao mashine zile bado zinaonyeshwa zikifanya kazi.

Na kuna jambo la pili, lililompendeza bwana. Lyon ni mji wa vichochoro, kama kwetu Mji Mkongwe. Mji ule umewekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1998, na Mji Mkongwe wetu ukafuata mwaka 2000. Kule wana njia zinazoitwa traboule. Unasukuma mlango wa barabarani kama mlango wa nyumba ya mtu, unapita ukumbi wa giza, unatokea kwenye ua wenye ngazi za mawe, unapita tena, unajikuta barabara nyingine kabisa. Bwana alipoziona kwenye simu alisema, "Hapa hata mgeni wa Malindi hapotei."

Mara ya kwanza tulipojaribu

Sasa hili ndilo tulilotaka kuliruka, na bwana ndiye aliyesema liandikwe.

Tulijaribu safari hii mara moja kabla, na tulinyimwa viza. Tulikwenda kwa wakala wa safari, hatutamtaja. Akatazama taarifa yetu ya benki akacheka. Pesa ya duka letu ilikuwa haipiti benki. Mteja analipa mkononi, mkononi inatoka kununua lesi na satini, inayobaki inalipa skuli na unga. Kwenye karatasi tulikuwa kama watu wasio na kazi. Wakala akasema dawa ni rahisi. Tukope popote, tuweke shilingi 10,000,000 kwenye akaunti wiki mbili, tutoe karatasi, kisha turudishe. Na kwenye fomu aandike kwamba duka lina wafanyakazi kumi na mbili. Lilikuwa na wasichana watatu.

Tulifanya. Tunawaambia wazi, tulifanya. Tulikopa kwa ndugu wawili na rafiki mmoja, na tulitia saini karatasi ambayo tunajua si kweli. Usiku ule tuliswali Isha na kila mmoja alikuwa hataki kumtazama mwenzake. Tulikuwa tunataka safari ya halali, mume na mke, na tumeianza kwa uongo.

Majibu yalikuja, hapana. Sababu waliyoweka ni kwamba maelezo yetu hayaaminiki. Tulikasirika siku mbili tatu, tukasema wanatudharau watu wa visiwani. Siku ya nne bwana akasema, "Mke wangu, lakini walichosema ni kweli. Hayaaminiki." Ikawa kimya. Ada haikurudi, nauli za boti kwenda Dar hazikurudi, na ya wakala hayakurudi hata salamu. Deni tulilirudisha lote, alhamdulillah, maana pesa ilikuwa haijaguswa. Kilichoguswa ni kitu kingine.

Daftari

Tulikaa miezi bila kuitaja Lyon. Kisha mke akanunua daftari kubwa lenye mistari, la shilingi elfu chache tu, akasema kuanzia leo kila kinachoingia dukani kinaandikwa na kila kinachotoka kinaandikwa, na kila Jumamosi kinachobaki kinakwenda benki. Kazi ya dakika kumi kila jioni. Kozi ya ushonaji ilitufundisha kupima kifua na kiuno na bega, haikutufundisha kupima duka.

Wiki za mwanzo tulijisifu. Mwezi wa tatu daftari lilituonyesha tusichokitaka.

Kulikuwa na gauni moja la bibi harusi, jakadi nyeupe, shanga za mkono kuanzia kifua hadi pindo. Msichana mmoja alilifanyia kazi siku kumi na moja. Tulipogawa alicholipwa kwa siku zile, tuliona ni kidogo kuliko nauli yake na chakula chake cha mchana pamoja. Alikuwa hajawahi kulalamika. Sisi ndio tulikuwa tunamwambia "vumilia, unajifunza".

Wakati huohuo jioni tulikuwa tunasoma habari za Lyon kwenye simu, maana hamu haikufa. Tukafika kwa wafumaji wa hariri, walioitwa canut. Walifuma majumbani mwao, kwenye kilima cha Croix-Rousse, katika nyumba zenye dari ndefu karibu mita nne ili mashine ya Jacquard ienee. Hariri ilikuwa ya wafanyabiashara, bei ya kazi wakiipanga wafanyabiashara. Mwaka 1831 wafumaji walikubaliana nao bei ya chini kabisa ya kazi. Baadhi ya matajiri wakakataa kuifuata, mji ukalipuka, na watu wakafa. Mwaka 1834 wakainuka tena, wakapigwa tena. Nguo zile zilivaliwa na malkia.

Tulisoma hayo, tukatazama daftari, tukamkumbuka yule msichana na shanga zake. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na sisi tulikuwa tunaweka akiba ya kwenda kutazama makumbusho ya wafumaji waliodhulumiwa. Bwana hakusema kitu. Mke ndiye aliyelia.

Wiki iliyofuata tuliwaita wasichana wote watatu, tukawaomba radhi, tukapanga malipo upya. Kila gauni lina bei ya mkono inayojulikana kabla ya kukatwa. Bei zetu zikapanda kidogo. Wateja wawili waliondoka, mmoja kwa maneno makali. Na safari ikasogea mbele mwaka mzima. Ndiyo maana ni mwaka wa kumi na mbili, si wa kumi na moja.

Tukapanga kiasi tunachokiweza kwa haki. Duka linaweka shilingi 10,000 kila siku ya kazi, bwana anaweka 5,000 kwenye mshahara wake. Siku 26 kwa mwezi ni 390,000. Miezi 24 ni 9,360,000. Hatukukopa hata thumni.

Neno la Bi Mkubwa

Pesa ilipofika nusu tulikwenda kumpa habari mama mkwe, ambaye ndiye atakayebaki na watoto. Wakati ule mpango ulikuwa mrefu, siku kumi, Paris, Lyon na baharini kusini. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatafuna tambuu yake, akasema, "Haya wanangu. Na Makka mtakwenda lini?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini tulirudi nyumbani njia nzima bila neno.

Tulimuuliza ustadhi wetu. Alituambia kutembea na kutazama ardhi ya Mungu hakuna ubaya, mume na mkewe, bila deni, bila kupoteza swala. Lakini akasema anayeweka nia ya kuhiji na aonekane kwa vitendo, sio kwa mdomo. Basi tukachukua mkasi. Paris tukaikata, bahari tukaikata, kwetu bahari ipo. Zikabaki siku tatu za Lyon na siku mbili za njiani. Kilichopunguzwa kikafungua akiba ya hija, kwa majina matatu, letu mawili na la Bi Mkubwa. Tulipompelekea karatasi aliifunga kwenye pindo la kanga yake na mpaka leo hajaturudishia.

Basi hivi ndivyo tulivyopanga. Chukueni kinachowafaa.

Karatasi

Viza ya Ufaransa ya matembezi ni ya Schengen. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Sisi tuliomba mapema, maana jibu la kawaida ni siku 15 lakini laweza kufika 45. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Paspoti iwe na kurasa mbili tupu na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kule. Alama za vidole tulikwenda kuziweka Dar, boti ya asubuhi na kurudi jioni. Picha ya mke ni ya mtandio, uso wote wazi, na haikuwa tatizo.

Safari hii tuliambatanisha taarifa ya benki ya mwaka mzima, leseni ya duka, risiti za kodi, barua ya likizo ya bwana, vyeti vya watoto na cheti cha ndoa. Tuliandika kwamba tulinyimwa mara ya kwanza na kwa nini. Penye wafanyakazi tuliandika watatu. Baada ya wiki mbili na nusu paspoti zikarudi na viza ndani. Tulisujudu sijida ya shukuru palepale ukumbini.

Mwezi na swala

Tulichagua katikati ya Oktoba. Iko mbali na Ramadhani na Idi zote mbili, kwa hiyo duka linapumua, na watalii wa kiangazi wameshaondoka. Lakini sababu kubwa ni swala. Sisi tumezoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima. Lyon mwezi wa Juni jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, Isha inakuwa usiku mkubwa, na alfajiri inakuja kabla hujageuka ubavu. Katikati ya Oktoba jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Alfajiri unaiswali kwa utulivu kabla ya kutoka.

Kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, msafiri aliyenuia kukaa chini ya siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anaendelea kupunguza swala na anaweza kuzikusanya. Zetu ni tatu. Adhuhuri na Alasiri tutaziweka pamoja, Magharibi na Isha pamoja. Muulizeni kila mmoja ustadhi wake. Na kibla msikisahau. Hapa kwetu tunaelekea kaskazini, kule Makka iko kusini mashariki.

Siku tatu

Ndege tumepata ya kupitia Istanbul. Kutoka uwanja wa ndege wa Lyon kuna treni ndogo ya Rhônexpress inayofika kituo cha Part-Dieu chini ya nusu saa. Hoteli tumechukua karibu na reli ya chini ya ardhi, njia ya D. Hii ndiyo siri tuliyoigundua baada ya kukaa na ramani jioni nzima. Njia ya D moja inakupeleka mji wa kale, inakupeleka Bellecour katikati ya mji, inakupeleka Guillotière penye chakula, na inakufikisha Laënnec, karibu na Msikiti Mkuu.

Tunaingia Jumanne, tunalala.

Jumatano ni mji wa kale, Vieux Lyon, ukingoni mwa mto Saône. Tutaanza asubuhi, wakati milango ya traboule mingi iko wazi. Ile ndefu kuliko zote inaingilia barabara ya Saint-Jean namba 54 na kutokea barabara ya Bœuf namba 27. Lakini jueni kwamba ndani wanaishi watu. Unapita kimya, hupigi kelele, hupigi picha madirisha ya watu. Sisi wa Mji Mkongwe tunajua adha ya mgeni anayechungulia ukumbini kwako. Mchana tutapanda treni ya mlimani hadi Fourvière. Juu kule kuna magofu ya ukumbi wa michezo wa Warumi, uliojengwa miaka kama kumi na tano kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), na kutoka juu unauona mji wote na mito yake miwili, Saône na Rhône.

Alhamisi ni siku ya mke. Croix-Rousse, kilima cha wafumaji. Kuna Maison des Canuts, ambapo mfumaji anakaa mbele yako na kuiendesha mashine ya Jacquard. Angalieni siku za kufunguliwa kabla ya kwenda. Karibu yake kuna ukuta mkubwa uliochorwa nyumba na ngazi na watu, hata unadhani utapanda. Kisha tutateremka kilima kwa miguu kupitia traboule walizopita wafumaji na mizigo yao ya hariri wakiikinga na mvua. Lipo jumba la makumbusho ya vitambaa pia, ndilo lililotuvutia mwanzo, ila tulipoangalia tulikuta limefungwa kwa matengenezo makubwa. Ndiyo maana tunasema ulizeni kabla. Tungelifunga safari kwa jumba lililofungwa.

Mke ananuia kununua kipande kimoja cha hariri, cha shela. Bwana ananuia kubeba mfuko tu, maana hariri ni halali kwetu wanawake, wao hapana.

Ijumaa ni Msikiti Mkuu wa Lyon, uliofunguliwa mwaka 1994. Ijumaa si lazima kwa msafiri, lakini tumeipanga makusudi. Kukaa safu moja na akina dada wa Algeria na Morocco na Komoro, ndilo tunalolingojea. Jioni ni bustani ya Tête d'Or, ina ziwa na wanyama, na kuingia ni bure. Jumamosi tunarudi.

Mavazi na chakula

Hili tunalisema kwa upole lakini wazi. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika 2011, inakataza kufunika uso hadharani, barabarani, dukani, kwenye treni, na faini yake inafika euro 150. Mtandio, ushungi na baibui havikatazwi barabarani. Dada anayevaa nikabu alijue hili kabla ya kununua tiketi, akae na mumewe, akae na nafsi yake. Kama moyo haukubali kuivua, dunia ni kubwa, na Istanbul ina hariri pia. Hakuna atakayekucheka hapa.

Oktoba kuna baridi na mvua. Mke ameshona makoti mawili marefu yenye bitana nene, ya kuvaliwa juu ya baibui. Soksi nzito, viatu vya kutembelea, vilivyokwishavaliwa nyumbani wiki mbili. Na chupa ndogo ya maji kwenye mkoba, maana vyoo vya kule vina karatasi tu.

Chakula cha Lyon kinasifiwa dunia nzima, lakini mikahawa yao ya kienyeji, bouchon, imejaa nguruwe na divai kwenye mchuzi. Sisi tutakula Guillotière, mtaa wenye maduka mengi ya watu wa Afrika Kaskazini, na nyama ya halali inapatikana. Kuna mkate mtamu wa lozi zilizopakwa sukari ya pinki, tarte aux pralines. Huo bwana ameuandika kwenye orodha kwa herufi kubwa.

Kwa maharusi

Mdogo wetu, ukija dukani kupima gauni na ukatuuliza uende wapi fungate, hatutakutajia mji. Tutakuuliza pesa imetoka wapi. Siku saba chumba cha shangazi bila deni ni fungate. Kaa na mumeo na daftari, andikeni kila kitu hata kinachoaibisha, na msiweke saini karatasi ambayo hamtaweza kuisoma kwa sauti mbele ya mama zenu.

Kuna jambo moja la mwisho. Yule msichana wa shanga ameshika mkasi wa duka kwa siku zote tutakazokuwa hatupo, na atalipwa kwa hilo. Jana alituletea kadi ngumu ya boksi la viatu, ameitoboa matundu kwa sindano, mstari kwa mstari. Akasema, "Bi, mkifika kwa yule mzee wa mashine, mwonyesheni hii. Muulizeni itatoa ua gani." Tumeitia kwenye mkoba, pamoja na paspoti.

Tuombeeni dua tuende salama na turudi salama, tuwakute watoto na Bi Mkubwa wazima. Nasi tutawaombea kila aliyeweka nia njema, Mola amfungulie njia ya halali. Tukirudi inshaallah tutawasimulia, na picha tutaweka.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum.